Zotero kwa mwandishi wa tasnifu: tathmini kutoka Mombasa

Zotero ni programu ya kompyuta ya kukusanya, kupanga na kunukuu vyanzo vya utafiti. Nimeitumia kuandika tasnifu yangu ya uzamili hapa Mombasa, na tangu hapo nimekuwa nikiwasaidia wenzangu kuisakinisha na kuizoea, wengi wao wakiwa watu wenye kazi na familia wanaosoma jioni na mwisho wa wiki. Maoni yangu ni kwamba hii ndiyo zana ya kwanza ambayo mwanafunzi wa shahada ya juu anapaswa kuwa nayo, kabla hata ya kuandika aya ya kwanza ya pendekezo la utafiti, mradi akubali kuikagua kazi yake kila hatua. Programu hii ilitungwa mbali na kwetu, na majina yetu, taasisi zetu na lugha yetu huhitaji mkono wa mtu anayejua anachokitaka.

Kwa wasioijua, ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2006 na kituo kimoja cha historia katika Chuo Kikuu cha George Mason, jimbo la Virginia, Marekani, ikiwa kiendelezi tu cha kivinjari cha Firefox. Leo ni programu kamili inayofanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na inasimamiwa na shirika lisilotafuta faida. Haiuzwi, na wala haina kipindi cha majaribio ambacho kikiisha mtu hufungiwa nje ya kazi yake mwenyewe. Hilo lina uzito kwa mwanafunzi anayejilipia karo. EndNote, programu nyingine ya aina hii ambayo wahadhiri wengi wa zamani waliizoea, ni ya kununua. Mendeley haitozi, lakini tangu mwaka 2013 ni mali ya Elsevier, kampuni ile ile inayochapisha na kuuza majarida tunayohangaika kuyapata. Sina ugomvi na mtu aliyeizoea Mendeley na ikamfaa. Ninachosema ni kwamba vyanzo unavyovikusanya wakati wa uzamili huenda ukavihitaji tena kwenye uzamifu, na katika makala utakazochapisha baadaye, na ni heri vikae mahali ambapo unaweza kuvitoa vyote, kwa muundo unaosomeka na programu nyingine, siku yoyote utakapoamua kuhama.

Kazi ya kukusanya huanzia kwenye kivinjari. Ukishasakinisha kiunganishi chake kwenye Chrome, Firefox, Edge au Safari, alama ndogo hujitokeza juu ya ukurasa. Ukifungua makala ya jarida, alama hiyo huwa karatasi. Ukifungua ukurasa wa kitabu katika katalogi ya maktaba, huwa kitabu. Na ukiwa kwenye orodha ya matokeo ya utafutaji, huwa folda, ili uchague unavyovitaka. Ukiibofya, jina la mwandishi, kichwa cha kazi, jarida, juzuu, kurasa na mwaka huingia kwenye maktaba yako pamoja na faili ya PDF pale inaporuhusiwa kupakuliwa. Aliyeketi maktabani na kitabu cha karatasi mkononi huandika nambari ya ISBN tu, ile inayotambulisha kitabu, na programu ikayatafuta maelezo mengine. Hata hivyo nambari hizo zilianza kuenea duniani miaka ya 1970, kwa hiyo anayetafiti historia au fasihi ya Pwani atakutana na vitabu vingi vya kabla ya hapo ambavyo havina nambari yoyote, na hivyo havina budi kuingizwa kwa mkono, sehemu moja baada ya nyingine.

Hapa ndipo ukaguzi unapoanza, na ndipo ningependa kukaa kidogo, kwa sababu makosa ninayoyaona katika orodha za marejeleo za wenzangu hutoka karibu yote mahali hapa.

Chukua ripoti ya sensa ya mwaka 2019, ile inayoonyesha kwamba Kaunti ya Mombasa ilikuwa na watu 1,208,333. Takriban kila tasnifu ya sayansi ya jamii inayoandikwa katika mji huu huitaja. Mwandishi wake ni taasisi, Kenya National Bureau of Statistics. Zotero ina nafasi mbili za jina la mwandishi, moja ya jina la ukoo na nyingine ya jina la kwanza, na jina la taasisi likiingia kwenye nafasi hizo mbili kama la binadamu, mtindo wa APA, mmoja wa mifumo ya kunukuu inayotumika sana katika sayansi ya jamii, hulitoa hivi: Statistics, K. N. B. of. Nimeliona jambo hilo katika rasimu zaidi ya moja, likiwa limepita macho ya mwandishi na ya wasomaji wake wa kwanza. Dawa yake ni kitufe kidogo kilicho kando ya jina, ambacho huziunganisha nafasi mbili kuwa moja. Ukikibofya na kuandika jina la taasisi kwa ukamilifu, halitakatwa tena. Vivyo hivyo kwa wizara, kwa kaunti, kwa Benki ya Dunia na kwa mashirika ya Umoja wa Mataifa.

Majina ya watu wa Pwani yana shida ya aina yake. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa, hujulikana kwa jina lake, Muyaka. Haji ni babake. Katalogi iliyotengenezwa ng'ambo inaweza kumweka chini ya herufi H, na programu hulipokea jina jinsi ilivyolipata. Mwanafunzi anayeandika kuhusu ushairi wa Kiswahili akiacha orodha yake hivyo, msomaji wa hapa atamtafuta Muyaka kwenye herufi M asimpate. Kitufe kile kile cha nafasi moja hulitatua hili pia. Jambo la maana ni kwamba mwandishi aamue mapema utaratibu atakaoufuata kwa majina yenye bin na binti, aueleze kwa msimamizi wake, kisha aufuate kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Ipo pia hali ya watu wenye jina moja la ukoo. Ali Mazrui aliyezaliwa Mombasa mwaka 1933 na Alamin Mazrui ni wasomi wawili tofauti, na mtindo wa APA hudai watofautishwe kwa herufi za mwanzo ndani ya matini. Zotero hulifanya hilo yenyewe, na hulifanya vizuri. Tatizo hutokea pale kazi mbili za mtu mmoja zinapoingia kwa maandishi tofauti, moja ikisema Ali, nyingine Ali A., ya tatu A. A.; programu haina njia ya kujua kwamba hao ni mtu mmoja, basi huwahesabu kuwa watatu na kuanza kuwapambanua kwa herufi ambazo hazihitajiki. Ukiona herufi za mwanzo zimejitokeza mbele ya jina la ukoo ndani ya sentensi yako bila sababu, rudi kwenye maktaba yako uyalinganishe majina.

Kuna na suala la lugha. Katika mitindo kama Chicago na MLA, Zotero huanzisha kila neno kubwa la kichwa cha kazi kwa herufi kubwa, kufuatana na kanuni za Kiingereza. Kichwa cha kitabu cha Kiswahili kikipitia hapo, hata viunganishi wa na ya huinuliwa, na ukurasa mzima ukawa na sura ya ajabu. Katika maelezo ya kila chanzo pana nafasi iliyoandikwa lugha, na wengi huiacha tupu kwa kudhani ni pambo. Andika humo sw, na programu itakiacha kichwa cha Kiswahili kama ulivyokiandika. Kwa anayeandika tasnifu nzima kwa Kiswahili kazi ni kubwa zaidi, kwa maana maneno ambayo mtindo huyaongeza wenyewe, kama yale ya kuunganisha waandishi wawili au ya kutambulisha wahariri, hutoka kwa lugha iliyochaguliwa kwenye mipangilio ya waraka. Mtindo wenyewe ni faili ya maandishi inayoweza kufunguliwa na kuhaririwa, na mtu mwenye subira anaweza kuyaweka maneno ya Kiswahili humo. Ningefurahi sana kuona idara zetu za Kiswahili zikitengeneza faili moja ya namna hiyo na kuwagawia wanafunzi wote, badala ya kila mmoja kuhangaika peke yake usiku wa kuamkia tarehe ya kuwasilisha.

Nikitoka kwenye kukusanya na kuingia kwenye kusoma, sina ila sifa. Tangu toleo la 6 lililotoka mwaka 2022, programu ina kisomaji chake cha PDF. Unapaka rangi kwenye sentensi, unaandika maoni yako pembeni, kisha unaamuru maoni yote yakusanywe kuwa maelezo ya pamoja. Kila dondoo katika maelezo hayo hubeba nambari ya ukurasa na kiungo. Ukikibofya, PDF hufunguka pale pale ulipopaka rangi. Thamani ya jambo hili huonekana siku ya utetezi. Mtahini akiuliza, "Dai hili umelitoa wapi?", mtahiniwa aliyesoma kwa namna hii anaweza kumwonyesha aya yenyewe, katika ukurasa wenyewe, kabla kikao hakijaendelea na swali jingine. Kwangu mimi hii ndiyo sababu kuu ya kuipendekeza Zotero, kuliko hata ule urahisi wa kutoa orodha ya marejeleo, kwa kuwa uaminifu wa tasnifu hupimwa kwa uwezo wa msomaji kuirudia njia aliyoipita mwandishi.

Katika miaka hii ya programu za akili mnemba, jambo hilo limekuwa la dharura. Programu hizo zinaweza kubuni marejeleo kamili, yenye majina ya wasomi wa kweli na majarida ya kweli, ambayo makala zake hazijawahi kuandikwa. Mwanafunzi anayejiwekea sharti kwamba hakitajwi chanzo chochote katika tasnifu yake mpaka kiwe kimeingia Zotero kwa nambari yake ya DOI, yaani kitambulisho cha kudumu cha makala mtandaoni, au kwa nakala aliyoifungua na kuisoma, amejiwekea ulinzi thabiti, kwa sababu DOI isiyokuwepo hailetwi. Zaidi ya hapo, tangu mwaka 2019 programu imeunganishwa na hifadhidata ya Retraction Watch, ambayo hurekodi makala zilizobatilishwa na majarida. Ikiwa mojawapo imo kwenye maktaba yako, onyo jekundu hujitokeza juu ya maelezo yake. Si jambo la nadra: mwaka 2023 pekee mchapishaji Hindawi alibatilisha makala zaidi ya 8,000, na makala za aina hiyo ndizo zinazopatikana bure mtandaoni, kwa hiyo ndizo zinazofika upesi mikononi mwa mwanafunzi asiye na chuo kilicholipia majarida.

Jambo moja lisiwekwe humo kamwe, nalo ni mahojiano yako mwenyewe. Nimewaona watu wakihifadhi rekodi na nakala za mazungumzo na wavuvi, na akina mama wa sokoni, na wazee wa Mji wa Kale, ndani ya maktaba inayosawazishwa mtandaoni. Washiriki hao waliahidiwa usiri, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalinda taarifa zao. Isitoshe, kwa kanuni za APA, maneno ya washiriki wa utafiti wako hayaingii kwenye orodha ya marejeleo, hivyo hakuna faida ya kuyapeleka huko.

Uandishi wenyewe hufanyika ndani ya Word, LibreOffice au Google Docs. Zotero huongeza vitufe vyake kwenye Word. Unabofya, unaandika jina la mwandishi, unachagua kazi yake, unaongeza ukurasa, na rejeo linakaa mahali pake, huku orodha ya mwisho wa tasnifu ikijijenga. Kwa Word na LibreOffice hakuhitajiki intaneti, bali Zotero iwe imefunguliwa tu kwenye kompyuta hiyo hiyo, na kwa sisi tunaokatikiwa na umeme katikati ya sentensi, au tunaoandika mahali ambapo bando limekwisha, hiyo ni nafuu kubwa. Shule moja ikidai APA na jarida unalolipelekea makala likidai Vancouver, mabadiliko ya waraka mzima huchukua muda mfupi. Ila anayeambiwa atumie Harvard aombe mwongozo wa maandishi kutoka shule yake, kwani jina hilo hubebwa na mitindo mingi inayotofautiana, na ndani ya Zotero atakuta orodha ndefu yake. Tasnifu ikishafikia mamia ya marejeleo, Word huanza kuburuta kila unapoongeza jipya. Zima masasisho ya papo kwa papo kwenye mipangilio ya waraka, uyaruhusu mwisho wa kazi ya siku.

Ushirikiano na msimamizi huhitaji adabu fulani ya kiufundi. Marejeleo ya Zotero ndani ya Word ni sehemu hai, si maandishi ya kawaida, na mtu akiyarekebisha kwa kuandika juu yake, marekebisho hayo yanaweza kufutwa programu inapoyasasisha. Waraka huo ukipandishwa Google Docs, au ukifunguliwa na kuhifadhiwa kwa programu nyingine ya uandishi, viungo vinaweza kukatika vyote, ukabaki na maandishi yasiyojua yalikotoka. Utaratibu ninaoupendekeza ni kumpelekea msimamizi nakala, kumwomba kwa heshima atoe maoni yake pembeni badala ya kuhariri marejeleo, kisha kuyahamishia maoni hayo kwenye waraka wa asili ambao haukutoka kwenye kipakatalishi chako. Aliye lazima ahame kutoka programu moja ya uandishi hadi nyingine atumie amri ya kuhama iliyomo kwenye mipangilio ya waraka, ambayo huvihifadhi viungo.

Kuhusu hifadhi, Zotero hutoa MB 300 bure kwa faili, na nafasi hiyo hujaa haraka, hasa kwa anayehifadhi ripoti za serikali zilizopigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Maelezo ya vyanzo na madokezo yako hayahesabiwi humo. Ni faili zilizoambatishwa tu. Anayetaka zaidi hulipa dola 20 kwa mwaka kwa GB 2, ambazo ni kama shilingi 2,600 za Kenya, na unaweza kulipa kwa kadi. Asiye na kadi ya benki anaweza kujaribu ile ya kidijitali ya M-Pesa GlobalPay. Mimi sioni kwamba mwanafunzi wa uzamili analazimika kulipa. Anaweza kuzima usawazishaji wa faili, akaacha maelezo peke yake yasawazishwe, na PDF zikabaki kwenye kompyuta yake, mradi awe na nakala nyingine kwenye diski ya nje. Usawazishaji si nakala ya akiba: ukikifuta kitu hapa, kitafutika na kule. Na folda ya Zotero isiwekwe ndani ya OneDrive wala Dropbox, kama wengi wanavyofanya wakidhani wanajilinda, kwa kuwa hifadhidata yake inaweza kuharibika inaposawazishwa na programu mbili kwa pamoja. Watengenezaji wenyewe wanaonya dhidi ya jambo hilo.

Kwa ujumla wa matumizi, anayeanza asitarajie kuizoea kwa siku moja. Jioni ya kwanza iende kwenye kusakinisha na kuingiza vyanzo vichache anavyovijua vizuri, ili aone kwa macho yake jinsi kila nafasi inavyogeuka kuwa rejeo. Aliye katikati ya tasnifu, mwenye sura tatu zilizoandikwa marejeleo kwa mkono, atalazimika kuyabadilisha moja baada ya jingine, na ikiwa amebakiza wiki chache kuwasilisha, ningemshauri aendelee na njia aliyoizoea na aiweke Zotero kwa ajili ya makala zitakazofuata. Wanaofaidi zaidi ni wale wanaoandika pendekezo sasa hivi.

Baada ya utetezi, marekebisho ya watahini yakishaingizwa na kukubaliwa, hifadhi waraka wako kwa jina jipya, na katika nakala hiyo mpya tumia amri ya kukata viungo, ambayo huyageuza marejeleo yote kuwa maandishi ya kawaida. Soma orodha yote kwa karatasi, ukitazama herufi za mlazo, majina ya taasisi, na vichwa vya Kiswahili. Nakala hiyo ndiyo ya kugeuzwa PDF na kupelekwa kwa mchapaji na kwa fundi wa kujalidi. Ile yenye viungo hai ibaki kwako, kwa sababu ndiyo utakayoifungua utakapoanza kuikata tasnifu kuwa makala ya jarida.